Ruzuku ya filamu na karatasi ya alama isiyoonekana: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Kisa ninachokichambua kinahusu kikundi cha vijana wanne wa Ilemela, Mwanza, walioomba ruzuku ya umma ili watengeneze filamu fupi ya makala kuhusu wavuvi wa dagaa, wakanyimwa, na hadi leo hawajaambiwa ni kwa nini. Taasisi iliyotoa ruzuku siitaji, na mambo yanayoweza kuitambulisha pamoja na wahusika nimeyaondoa, kwa kuwa ninachokusudia kukipima ni utaratibu uliotumika, na utaratibu wa namna hii hauko kwenye taasisi moja tu. Kikundi kilinikabidhi jalada lake lote, yaani tangazo, fomu, bajeti na mawasiliano ya barua pepe. Baadaye mwombaji aliyepewa ruzuku katika kundi hilohilo la maombi naye alinipa andiko lake nilisome, kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa amechoshwa na maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yake. Nimeyasoma maandiko yote mawili kwa makini, na nianze kwa kusema wazi kwamba uamuzi wa kamati huenda ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliye nje ya kamati anayeweza kulithibitisha hilo wala kulikanusha, na fedha zilizotolewa ni za wananchi.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Lilisema maombi yatapimwa kwa ubora wa wazo, uwezo wa mwombaji na mchango wa filamu kwa jamii, kisha likaongeza kwamba kipaumbele kitatolewa kwa watayarishaji wa mikoani. Halikueleza kila kigezo kina alama ngapi, halikueleza kipaumbele hicho kinatafsirika vipi wakati wa kuhesabu alama, na halikueleza mtayarishaji wa mkoani ni nani. Mwombaji aliyelisoma akiwa Mwanza angeweza kuamini kwamba kuishi Mwanza kunampa nafasi nzuri zaidi, na mwombaji aliyelisoma akiwa Dar es Salaam angeweza kuamini kwamba kupiga picha Mwanza kunatosha. Wote wawili wangekuwa na haki ya kuamini hivyo.

Ili ieleweke kilichofuata, ni lazima nieleze kazi iliyokusudiwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta wakakusanyika karibu na mtumbwi. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza injini mpaka giza lirudi. Vijana hawa wanaufahamu mzunguko huo kwa kuwa wawili kati yao wamekulia jirani na mwalo, yaani mahali pa ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na ratiba yao ya kupiga picha waliipanga kwa kufuata mwezi wa angani kabla ya kufuata kalenda ya ukutani. Walihitaji mtumbwi wa pili wa kubebea kamera, kwa sababu mtumbwi wa uvuvi ukishajaa nyavu, taa na watu hauna mahali pa mpiga picha kusimama bila kuwahatarisha wenzake. Walihitaji pia mafuta ya injini, nahodha na msaidizi wake, jaketi okozi za kutosha, na namna ya kuikinga kamera na maji. Usiku mmoja wa mtumbwi huo wa pili waliukadiria kugharimu Sh 400,000, nao walitaka usiku sita, jambo ambalo kwa mtu anayejua jinsi upepo wa ziwa unavyoweza kuharibu mpango wa usiku mzima si anasa hata kidogo.

Fomu ya bajeti ilikuwa na mistari ya usafiri wa barabarani, malazi, chakula, vifaa, waigizaji na wataalamu, uhariri, na mwisho mengineyo. Mtumbwi haukuwa na mstari. Ulipaswa kuingia kwenye mengineyo, na maelekezo ya fomu yalisema mengineyo yasizidi asilimia 5 ya fedha zote zinazoombwa. Kwa kuwa waliomba Sh 18,000,000, asilimia hiyo ilikuwa Sh 900,000, na usiku sita ungegharimu Sh 2,400,000. Aidha, kila gharama kubwa ilitakiwa kuambatanishwa na profoma tatu, yaani makadirio ya bei ya maandishi, kutoka kwa watoa huduma wenye mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Anayemfahamu mwenye mtumbwi wa pale mwaloni anajua kwamba mtu huyo anapokea malipo kwa simu au mkononi, na kwamba kumwomba profoma ni kumwomba kitu asichokuwa nacho na ambacho biashara yake haijawahi kukihitaji. Vijana walijadiliana, wakaogopa kukataliwa kwa kuvunja maelekezo, wakapunguza usiku wa ziwani kutoka sita hadi miwili. Matokeo yake ni kwamba andiko lao lilielezea filamu ya ziwani kwa kurasa kadhaa, lakini bajeti yao ikaonyesha filamu ambayo sehemu yake kubwa ingepigwa nchi kavu. Msomaji yeyote makini wa kamati angeuona mgongano huo na angekuwa na haki ya kuwapunguzia alama, bila kujua kwamba fomu ya taasisi yake ndiyo iliyouzalisha.

Mwombaji aliyeshinda hakukutana na kikwazo hicho. Yeye alipata profoma kutoka kampuni za huduma za uzalishaji za Dar es Salaam, na kila kampuni ilijumlisha magari, malazi na mitumbwi katika ankara moja, ikiwa na risiti zote zinazotakiwa. Hakudanganya chochote. Fomu ilitengenezwa kwa kufikiria biashara za mjini zenye ofisi na mihuri, naye alikuwa na fedha na marafiki wa kuzifikia biashara hizo. Ninakaa juu ya jambo hili kwa sababu mijadala mingi ya haki katika ruzuku huanzia kwenye kikao cha kamati, nani alikaa na nani anamjua nani, wakati sehemu kubwa ya mchujo ilikwisha kufanyika kwenye fomu, kimyakimya, kabla hajateuliwa mjumbe hata mmoja.

Baada ya maombi kupokelewa, ukafuata ukimya. Kiongozi wa kikundi alipopiga simu alijibiwa kwa upole, "Dada, andiko lenu tumelipata, linafanyiwa kazi." Alipopiga tena baada ya wiki kadhaa jibu lilikuwa hilohilo, na baada ya hapo simu haikupokelewa. Hakuna aliyewatukana wala aliyewadai chochote. Walipigwa danadana tu. Walikuja kujua matokeo kwa kuona picha ya hafla ya kukabidhi hundi mtandaoni. Barua pepe waliyoipata baadaye ilikuwa na sentensi tatu: shukrani kwa kuomba, taarifa kwamba ushindani ulikuwa mkubwa, na himizo la kuomba tena siku zijazo. Waombe tena wakirekebisha nini? Barua haikusema, na hapo ndipo uvumi ulipopata nafasi. Ikasemekana kwamba mmoja wa wajumbe wa kamati aliwahi kufanya kazi na mshindi, ikasemekana kwamba mshindi alibebwa, ikasemekana kwamba jina lilijulikana kabla ya tangazo kutoka.

Katika hayo, la kwanza ni kweli. Mshindi mwenyewe alilikiri mbele yangu bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa msaidizi wa mwongozaji katika kazi moja ya miaka ya nyuma ambayo mjumbe huyo aliisimamia. Yaliyobaki sina ushahidi nayo, na sitayarudia kana kwamba ninao. Tasnia yetu ni ndogo, na ukitafuta mjumbe anayejua filamu ambaye hajawahi kufanya kazi na mwombaji hata mmoja, utaishia kuteua watu wasioijua filamu kabisa. Kwa hiyo kufahamiana kwenyewe hakukupaswa kumzuia mtu kukaa kwenye kamati. Kilichopaswa kufanyika ni mjumbe kutamka uhusiano huo kwa maandishi kabla ya kusoma maandiko, tamko hilo likaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, na yeye akatoka nje wakati ombi la mtu aliyefanya naye kazi likijadiliwa. Inawezekana kwamba alifanya hivyo. Mshindi hajui, kikundi hakijui, nami sijui, maana hakuna karatasi iliyowekwa wazi. Kama alitoka, basi mtu mwadilifu anasengenywa bila sababu, na kijana aliyepata ruzuku kwa jasho lake anatembea na doa ambalo hawezi kulifuta kwa sababu ushahidi wa kumsafisha umefungiwa kwenye jalada la ofisi. Aliniambia kwamba wapiga picha wawili wa Mwanza walikataa kazi yake kwa sababu ya maneno hayo. Hasara ya usiri, kwa hiyo, haikuwaangukia walioshindwa peke yao.

Nije kwenye maandiko yenyewe. La mshindi limeandikwa vizuri zaidi. Lina mtu mmoja wa kumfuata kuanzia mwanzo hadi mwisho, mama mwenye mtumbwi anayewaajiri wavuvi wanaume, na lina swali ambalo mtazamaji angependa kujua jibu lake. La kikundi lina maarifa mengi na picha nzuri, lakini linagusa watu wengi mno kwa filamu fupi. Kama ningekuwa mjumbe na ningepewa wazo peke yake, ningempa mshindi alama za juu. Lakini katika mpango wa utekelezaji mambo yanageuka. Mshindi aliweka wiki yake ya kupiga picha ziwani katika tarehe ambazo, nilipoangalia kalenda ya mwezi, zinaangukia mwezi mpevu. Angefika mwaloni na kukuta mitumbwi mingi imepandishwa ufukweni. Hakuna swali lolote la kamati alilowahi kuulizwa kuhusu hilo, na hilo linaniambia kwamba kwenye kamati hapakuwa na mtu anayelijua ziwa, au kama alikuwapo, hakupewa ukurasa wa ratiba. Laiti kungekuwa na kigezo cha uwezekano wa utekelezaji chenye alama zake, na laiti afisa utamaduni wa mojawapo ya halmashauri za kandokando ya ziwa angekaribishwa kuyasoma maandiko hayo, kosa hilo lingeonekana kwa dakika chache, na pengo kati ya waombaji hawa wawili lingepungua sana. Sisemi kwamba matokeo yangebadilika.

Suala la nani ni mtayarishaji wa mkoani linahitaji kuangaliwa peke yake, maana ndilo lililowaumiza vijana hawa kuliko lolote. Mshindi amezaliwa Mwanza na ameondoka baada ya shule. Anajiita Msukuma wa Mwanza na hakuna anayeweza kumnyang'anya hilo. Kikundi kinaishi na kufanya kazi Mwanza, kinapiga picha za harusi na matangazo madogo ya maduka ili kipate pango la chumba chao cha uhariri. Je, neno mkoani linahesabu mahali mtu alipozaliwa, anapoishi, anapopigia picha, au mahali fedha zinapotumika? Kila jibu lina utetezi wake na kila jibu linazaa mshindi tofauti. Anayetaka hadithi za mikoani zionekane atahesabu mahali pa kupigia picha, na anayetaka fani ikue mikoani atauliza wapiga picha, wahariri na wenye taa watakaolipwa wanaishi wapi. Mimi naegemea upande wa pili, kwa kuwa filamu inayoikodi Mwanza kama mandhari kwa wiki mbili na kurudi na vifaa, watu na malipo yote Dar es Salaam haiachi nyuma uwezo wa kutengeneza filamu nyingine. Taasisi ina haki ya kuamua vinginevyo. Haina haki ya kuliacha neno likiwa wazi kwenye tangazo na kulifunga ndani ya kikao.

Sheria zetu si maskini katika jambo hili. Katika ununuzi wa umma, mzabuni aliyeshindwa hupewa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani kumpa mshindi zabuni, anaelezwa sababu za kutochaguliwa, na anapewa muda wa kulalamika kabla mkataba haujasainiwa. Anayeomba kuiuzia ofisi ya umma viti na meza anaelezwa kwa nini viti vyake havikuchaguliwa, ilhali anayeomba kutengeneza filamu kwa fedha za mfuko huohuo wa wananchi anaelezwa kwamba ushindani ulikuwa mkubwa. Sioni hoja ya msingi ya kutofautisha watu hawa wawili.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na vijana. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyokusanywa, na mwaka 2024 ikairejesha kwa utaratibu mpya. Walioathirika na usitishaji huo ni pamoja na vikundi halali vilivyokuwa vikirejesha vizuri. Fedha za filamu ni kidogo zaidi na wanaozifuatilia ni wachache, lakini njia ya kuharibika kwake ni ileile, yaani uteuzi usioacha alama inayoweza kukaguliwa, kisha lawama za jumla, kisha mlango kufungwa kwa wote. Niongeze hapa kwamba kuwaelekeza vijana hawa kwenye mikopo, iwe ya halmashauri au ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, hakuwezi kuwa jibu la kila ombi. Mkopo unafaa kwa kazi itakayouzwa. Filamu ya makala ya dakika 20 kuhusu wavuvi ina thamani ya kumbukumbu na elimu, lakini hairejeshi marejesho ya kila mwezi, na ndiyo maana ruzuku zipo.

Nilizungumza na mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati za aina hii, ingawa si hii, na hoja zake ni nzito. Alisema wajumbe wakitajwa majina kabla ya uamuzi, simu haziishi, zikiwamo za wakubwa ambao ni vigumu kuwakatalia. Alisema pia kwamba maombi yakiwa mamia, kumwandikia kila mmoja sababu ni kazi ambayo ofisi yenye watu watatu haiiwezi. Kuhusu la kwanza nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana napendekeza majina yatangazwe baada ya uamuzi, siyo kabla. Kuhusu la pili sikubaliani, kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza kwamba kila mjumbe hujaza karatasi ya alama yenye safu ya maoni. Sababu zimekwisha kuandikwa. Kazi iliyobaki ni kumpelekea mwombaji wastani wa alama zake kwa kila kigezo na maoni yaliyofupishwa bila majina. Hiyo ni kazi ya siku chache za karani mmoja, na ingewapa vijana wa Ilemela kitu cha kufanyia kazi badala ya uvumi wa kutafuna.

Kwa upande wa kikundi, kulikuwa na njia ambayo hakikuitumia mapema. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na inaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya siku 30. Ikikataa, ieleze sababu kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inalinda maslahi halali ya kibiashara ya mtu mwingine, ikiwamo miliki bunifu, kwa hiyo hakuna atakayepewa muswada wa mshindi, na ni sawa asipewe. Lakini alama za mwombaji mwenyewe si siri ya mtu mwingine yeyote, na uzito wa vigezo hauna mwenyewe zaidi ya umma. Walipiga simu mara nyingi, wakaenda kuulizia kwa watu wanaojuana na watu, lakini simu haina muhuri wa masjala, na taasisi haiwezi kuulizwa kwa nini haikujibu kitu ambacho hakikuandikwa.

Sasa wameandika. Barua yao ina kurasa mbili na inaomba mambo manne tu: alama zao kwa kila kigezo pamoja na maoni, uzito uliowekwa kwa kila kigezo na tarehe ulipoamuliwa, tafsiri ya neno mtayarishaji wa mkoani iliyotumiwa na kamati, na uthibitisho kwamba matamko ya maslahi ya wajumbe yalichukuliwa kabla ya tathmini. Hawajaomba uamuzi utenguliwe wala mshindi anyang'anywe chochote, na mshindi ameambatanisha barua yake fupi ya kuunga mkono ombi hilo kwa sababu zake mwenyewe. Nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa, na siku 30 zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye muhuri huo. Jibu likikosekana au likiwa la kukataa, hatua inayofuata ni kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake kukata rufaa kwa Waziri. Rasimu ya barua ya mapitio imekwisha kuandaliwa, na wamekubaliana nani ataipeleka.